Zamu ya Mwezi

Kila mwezi, katika mahekalu ya Wabudha wa Kijapani yaliyotapakaa California, kuna ibada moja ya wafu. Hawakumbukwi wote kwa mpigo. Huchukuliwa wale waliofariki ndani ya mwezi huo, wa mwaka wowote ule, na majina yao yakapangwa kwenye orodha moja, hata aliyezikwa Machi iliyopita akawa jirani wa aliyezikwa Machi ya mwaka 1931. Jamaa zao huinuka, husogea hadi kwenye chetezo, hudondosha chembe za ubani juu ya makaa, hukutanisha viganja vilivyozungushiwa tasbihi, kisha huinama. Ibada hiyo huitwa shotsuki hoyo. Ikiisha, watu huingia ukumbini na kukuta chai imekwisha kuandaliwa, vikombe vimepangwa, vitafunio vimefunikwa, kwa sababu kuna watu wa zamu waliofika mapema.

Zamu hiyo kwa Kijapani huitwa toban. Waumini hugawanywa vikundi, na kila kikundi hupewa wakati wake wa kufagia, kupangusa viti, kupika na kuosha vyombo. Wakati ukipita, kazi huingia mikononi mwa wengine. Historia za mahekalu haya hupenda kuanza na makuhani waliovuka bahari na kuishia na majengo. Mimi naamini uzi uliowashikilia watu hawa kwa zaidi ya miaka 100, wakapita kwenye sheria za ubaguzi na kwenye kambi za waya wa miba wasitawanyike, ni vitu hivi viwili: orodha ya majina ya mwezi na zamu ya mwezi. Nitausimulia uzi huo kwa kufuata hekalu moja, lile la San Jose, lililoko Mtaa wa Tano Kaskazini.

Makuhani nao tuwape haki yao. Mwaka 1898 Nishi Hongwanji, hekalu kuu lililoko Kyoto, liliwatuma Eryu Honda na Ejun Miyamoto kwenda San Francisco kutazama hali ya vijana wa Kijapani waliokuwa wakifanya vibarua katika pwani ya magharibi ya Marekani. Septemba 1899 wakafika Shuye Sonoda na Kakuryo Nishijima, hawa wakiwa wamekuja kukaa. Waliowakuta walikuwa zaidi wanaume, wengi hawajaoa, wakiishi katika vyumba vya kupanga na mabanda ya mashambani, na akiugua mmoja wao hakuna wa kumuuguza ila mwenzake wa kitanda cha pili.

Kusini mwa San Francisco kuna Bonde la Santa Clara. Leo dunia nzima hulijua kwa kompyuta. Wakati ule lilikuwa bustani moja ya matunda, plamu na aprikoti na cheri, na Wajapani walifuata mavuno kutoka shamba hadi shamba. Mjini San Jose walipanga karibu na Heinlenville, mtaa wa Wachina. Wachina hao nao walikuwa wamehamia hapo baada ya mtaa wao wa katikati ya mji kuteketea kwa moto mwaka 1887. John Heinlen, mhamiaji wa Kijerumani, ndiye aliyewakodishia ardhi yake, na kwa tendo hilo alitukanwa na kutishwa na wenzake. Wajapani walijisogeza ubavuni mwa watu waliotangulia kuonewa, na hapo, mwaka 1902, wakaanza kukutana kwa ibada.

Dhehebu lao ni Jodo Shinshu, lililotokana na mafundisho ya Shinran aliyezaliwa mwaka 1173. Shinran alikuwa mtawa wa mlimani kwa miaka 20, akashuka, akapelekwa uhamishoni mwaka 1207 pamoja na kuvuliwa utawa. Alioa mke aitwaye Eshinni, akazaa watoto, akafundisha kwamba rehema ya Buda Amida humfikia mvuvi na mwindaji sawasawa na mtawa. Kwa hiyo kuhani wa Jodo Shinshu huoa, na mke wake ana cheo chake, bomori, mlinzi wa hekalu. Wakulima na wavuvi wa kusini-magharibi mwa Japani, walikotoka wengi wa wahamiaji, walikulia katika dini hii. Haikuwadai wafunge wala wajitenge. Iliwadai shukrani, na shukrani yenyewe walizoea kuionyesha kwa mikono.

Baada ya makubaliano ya serikali mbili ya mwaka 1907 na 1908, Japani iliacha kuwapa vibarua wapya hati za kwenda Marekani, lakini wake za waliokwisha kufika waliruhusiwa kuwafuata. Hapo ndipo walipoanza kuja mabibi harusi wa picha, waliooana na waume zao kwa kubadilishana picha kupitia kwa washenga, hadi njia hiyo ikafungwa mwaka 1920. Wanawake hawa walishuka melini wakiwa wamevaa kimono, na muda si muda wakawa wameinama kwenye matuta ya stroberi. Kwa macho yangu, hekalu kama jumuiya lilianza nao. Waliunda Fujinkai, chama cha akina mama, na kuanzia hapo hapakuwa na msiba uliokosa wapishi. Rambirambi, ambazo wao huziita koden, ziliandikwa katika daftari, jina na kiasi, ili familia iliyosaidiwa leo ijue kesho imsaidie nani. Mswahili haelezwi jambo hili mara mbili.

Wakati daftari hilo likijaa, sheria zilikuwa zikiwabana. Sheria ya ardhi ya California ya mwaka 1913 iliwazuia wasioweza kuwa raia kumiliki mashamba. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Takao Ozawa kwamba Mjapani hawezi kupewa uraia. Mwaka 1924 mlango wa uhamiaji ukafungwa kabisa. Baba alikodi shamba kwa miaka michache, akahama, akakodi jingine. Anwani ya familia ilibadilika, ya hekalu haikubadilika. Mwaka 1937, uchumi ukiwa bado umedorora, watu hao hao wasio na hati ya shamba walikamilisha jengo linalosimama hadi leo. Mchoraji wake alikuwa George Gentoku Shimamoto, na waliolijenga ni ndugu wa ukoo wa Nishiura, mafundi waliojua kuunganisha mbao kwa namna ya kwao. Mapaa yake yamepinda pembeni kama mahekalu ya Kyoto. Ndani kuna mabenchi marefu ya kukalia kama kanisani, na ibada ni Jumapili.

Mabenchi na Jumapili vimewahi kulaumiwa kuwa ni kuiga Ukristo. Lawama hiyo sikubaliani nayo. Kibarua wa shambani alipumzika Jumapili. Kuhani angemwita siku gani nyingine? Tena Japani ilikwisha acha kalenda ya mwezi wa angani tangu tarehe 1 Januari 1873. Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kupita kwenye hekalu la Wabudha pale Upanga, lenye mti wake wa Bodhi, ameona desturi nyingine: lile lilianzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, na kwao siku kuu ya mwezi ni Poya, mwezi unapopevuka. Wabudha wa San Jose huhesabu kwa kalenda ya ukutani.

Na kalenda hiyo imejaa. Januari ni Hoonko, kumbukumbu ya kifo cha Shinran. Februari, kifo cha Buda. Machi na Septemba ni Higan, siku ambazo mchana na usiku hulingana, joto na baridi vimepatana, na mtu hana kisingizio cha kutokaa na kutafakari. Aprili ni Hanamatsuri, sikukuu ya maua: hujengwa kibanda kidogo kilichofunikwa maua mabichi, ndani yake husimamishwa sanamu ya Buda mtoto, kidole kimoja juu, kimoja chini, na watoto hupanga mstari wakimmwagia chai tamu kichwani kwa upawa. Mei huzaliwa Shinran. Novemba ni Eitaikyo, ibada ya wafu ambao familia zao zimeliachia hekalu dhamana ya kuwakumbuka daima. Desemba 8 ni siku Buda alipopata nuru.

Mwisho wa Desemba hutolewa kinu. Nasema kinu kwa maana ile ile ya kwetu: gogo au jiwe lililochimbwa tumbo, na mchi wake, ila mchi wa Kijapani una mpini wa ubavuni kama nyundo. Mchele wa kunata hulowekwa usiku kucha, hupikwa kwa mvuke katika masanduku ya mbao, humiminwa kinuni ukiwa bado unafuka, na wanaume hutwanga kwa kupokezana. Kati ya pigo na pigo mtu mmoja huingiza mkono uliolowa maji, akaugeuza mchele, akautoa mkono kabla mchi haujashuka. Anayegeuza na anayetwanga lazima wafahamiane pumzi. Donge hupelekwa mezani kwa akina mama, nao hulikata na kuliviringa likiwa linaunguza vidole. Ndiyo mochi, chakula cha mwaka mpya. Tarehe 31 usiku kengele hupigwa mara 108, pigo moja kwa kila tamaa inayomsumbua binadamu.

Lakini mwezi mkubwa ni Julai, mwezi wa Obon. Kisa chake ni cha Mokuren, mwanafunzi wa Buda, aliyepewa uwezo wa kuona ng'ambo ya kifo, akamwona mama yake katika ulimwengu wa mizimu yenye njaa. Kila tonge alilompelekea liligeuka moto kabla ya kufika kinywani. Buda akamwambia asimlishe mama yake peke yake, bali awalishe watawa wote wanaotoka katika mfungo wa mvua. Akafanya hivyo, mama akafunguliwa, na Mokuren akacheza kwa furaha. Katika dhehebu hili Obon haiwi mwezi wa kuogopa mizimu. Huitwa pia Kangi-e, mkutano wa furaha.

Ngoma yenyewe ilipata sura yake ya California kuanzia miaka ya 1930, pale kuhani Yoshio Iwanaga alipozunguka kutoka hekalu hadi hekalu akiwafundisha watu kucheza Bon Odori. Huchezwa barabarani, kwa mzunguko, na hakuna mtazamaji anayekatazwa kuingia. Mwenye kimono cha hariri hufuatana na mwenye suruali ya jinzi, bibi wa miaka 80 hufuatwa na mtoto anayekosea kila hatua. Kuna ngoma moja, Tanko Bushi, ya wachimba makaa ya mawe wa Kyushu: unachimba, unachimba, unatupa makaa begani, unarudi nyuma kuutazama mwezi, unasukuma kigari. Mtu akishaielewa hawezi kuisahau, kwa sababu mwili unafanya kazi ileile waliyoifanya wachimbaji. Na pembeni mwa barabara moshi wa kuku wa teriyaki unapanda, na foleni ya tambi haipungui. Fedha za vibanda hivyo husaidia kuliendesha hekalu mwaka mzima, na kila kibanda kina zamu yake.

Tarehe 7 Desemba 1941 Japani ilishambulia Bandari ya Pearl. Siku hiyo hiyo maofisa wa upelelezi walianza kubisha hodi milangoni, na makuhani wa Kibudha walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchukuliwa, kwa kuwa mtu anayesoma Kijapani mbele ya watu na kupokea barua kutoka Kyoto alikwisha andikwa kuwa hatari. Familia zilichoma barua na vitabu vya sala, nyingine zikavifukia uani. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt alitia saini Amri namba 9066. Watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliondolewa makwao, theluthi mbili yao wakiwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa.

Wa San Jose na vitongoji vyake waliitwa mwezi Mei katika jumba la michezo la chuo cha mji, wakaandikishwa, wakapewa namba za kufunga kwenye mizigo. Walipakiwa kwenye treni hadi Santa Anita karibu na Los Angeles, uwanja wa mbio za farasi ambao ulikuja kujaa watu zaidi ya 18,000, familia nyingi zikilala katika mabanda ya farasi ambayo harufu yake haikutoka hata yaliposuguliwa. Mwisho wa kiangazi wakasafirishwa tena hadi Heart Mountain, Wyoming, kwenye nyika ya upepo na theluji, ndani ya mabanda marefu ya mbao na karatasi ya lami. Mtaa wa Tano ukabaki na jengo la mapaa yaliyopinda, limefungwa.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie nami kidogo. Jengo limefungwa, makuhani wengi wamefungwa kwingine, fedha hakuna, Kijapani kinatazamwa kwa jicho baya. Ni kipi kilichobaki? Watu walijua leo ni mwezi gani, na nani alifia ndani yake. Mapipa na masanduku yakageuzwa madhabahu. Maua hayakuwapo, wanawake wakakata karatasi na kutengeneza mashada ya maziko. Katika kambi moja ambako walizuiliwa wanaume waliokamatwa mwanzoni, ilipofika Hanamatsuri ya mwaka 1942 mtu mmoja alichonga Buda mtoto kutokana na karoti. Julai zikachezwa Bon Odori kwenye vumbi, minara ya walinzi ikitazama. Watu waliozoea kupeana zamu za hekalu wakapeana zamu hizo hizo ndani ya seng'enge.

Heart Mountain iliacha ushahidi wake ardhini pia. Mwaka 1956, kambi ikiwa imekwisha kuvunjwa, wenye shamba walifukua pipa lililojaa vijiwe, vyote vimeandikwa kwa wino, kila kijiwe herufi moja ya Kijapani. Baadaye wataalamu walizitambua herufi hizo kuwa za Sutra ya Lotasi. Kazi hiyo inahusishwa na watu wa Nichiren, dhehebu jingine la Wabudha. Nawaza saa zilizotumika kuokota jiwe, kulisafisha, kuandika, kuliweka, kuokota jingine.

Vijana wengi wa kambini walikubali kuandikishwa jeshini, wakapigana Ulaya. Vibati vyao vya shingoni vilikuwa na nafasi ya herufi moja ya dini: P ya Waprotestanti, C ya Wakatoliki, H ya Wayahudi. Mbudha hakuwa na herufi. Wengine walizikwa chini ya alama isiyo yao, na hilo wazee walilibeba moyoni kwa miaka mingi, na walikuwa na haki. Mwaka 1944 viongozi wa mahekalu walikutana katika kambi ya Topaz, Utah, wakaipa jumuiya yao jina la Makanisa ya Kibudha ya Amerika. Neno makanisa lilikuwa ngao. Hadi leo baadhi ya waumini wanalitetea, wengine wangependa liondoke.

Januari 1945 Wajapani waliruhusiwa kurudi pwani, na Novemba mwaka huo Heart Mountain ikafungwa. Waliorudi San Jose wengi hawakuwa na nyumba. Hekalu likafunguliwa wakalala humo, familia na familia, shuka zikiwa ndizo kuta. Nadhani hiyo ndiyo saa jengo la mwaka 1937 lilipofanya kazi yake kubwa kuliko zote. Wanawake waliokuwa na zamu ya jikoni kabla ya vita waliwasha majiko yale yale, safari hii kwa watu ambao hawakuwa wageni wa siku moja. Mwaka 1952 wazee waliokuwa wameishi Marekani miaka 40 na zaidi waliruhusiwa hatimaye kuomba uraia.

Kizazi cha tatu, Sansei, kilikuja na maswali yake. Walizungumza Kiingereza, walisikia juu ya haki za Weusi na vita vya Vietnam, na wazazi wao walikuwa hawasemi neno kuhusu kambi. Vijana hao wakaisikia ngoma. Mwaka 1969, katika hekalu la Senshin, Los Angeles, kuhani Masao Kodani na wenzake walikaa usiku mmoja baada ya tamasha wakapiga ngoma hadi mikono ikachubuka, wakaanzisha kikundi cha Kinnara. Ngoma kubwa ya Kijapani huchongwa kutoka gogo moja na bei yake haikuwa ya vijana, basi wakachukua mapipa ya mvinyo ya California, wakawamba ngozi ya ng'ombe. Mwaka 1973 vijana wa hekalu la San Jose nao wakaanza. Roy Hirabayashi alikuwa miongoni mwao, na San Jose Taiko ikakua hadi ikazunguka dunia. Mtoto ambaye babake hakuweza kumsimulia Wyoming alimpigia baba huyo pipa barabarani Julai, na baba akatoka kucheza.

Mwaka 1988 sheria ya kuomba radhi ilipitishwa, na kila aliyekuwa kambini na bado yu hai aliahidiwa dola 20,000. Mmoja wa walioipigania bungeni alikuwa Norman Mineta, mwana wa San Jose, aliyepandishwa treni ile akiwa mtoto wa miaka 10. Yeye alikuwa Mkristo wa Kimethodisti. Kanisa lake liko mtaa huo huo wa Tano, karibu na hekalu. Malipo yalipoanza kutoka, wazee wengi waliostahili walikuwa wamekwisha ingia kwenye orodha za miezi.

Siku hizi bustani za plamu zimekwisha. Wajukuu wa wavuna stroberi ni wahandisi na walimu, wameoa na kuolewa na watu wa kila asili, na miongoni mwa wanaokaa kwenye mabenchi wamo wasio na tone la damu ya Kijapani. Kupata watu wa zamu ni kazi kuliko zamani. Wanaojua kupima mchele wa kuloweka kwa jicho wamezeeka. Lakini mwezi unapoingia orodha huandaliwa. Waliofia Heart Mountain wamo, kila mmoja kwenye mwezi wake, kati ya bibi harusi wa picha na fundi wa mbao na mjukuu aliyefariki juzi. Ubani unateketea, watu wanainama, na nyuma ya ukuta mtu wa zamu anapunguza moto wa birika ili filimbi yake isiwakatize.